Udi Ulioanikwa Juani

Mnadi alianzia riyali elfu arobaini, na Hezekiah akainua kibao chake chenye namba kumi na saba kama alivyofundishwa, bila kugeuka nyuma. Kanzu aliyovaa haikuwa yake. Mwajiri wake, Bwana Yassir, alikuwa amempa asubuhi ile katika nyumba ya ndugu yake, mtaa huohuo wa Al-Hamra, akamwonya asiichafue kwa jasho kwa sababu ilikuwa imetoka kwa dobi jana yake.

Mambo yalipangwa hivi. Katika ukumbi ule wa hoteli mjini Jedda, wanunuzi wa udi wa kale walikuwa wanajuana wote. Bwana Yassir akiinua mkono, wengine huamini kwamba mzigo ni mzuri, na bei hupanda kwa ubishi tu. Kwa hiyo yeye alikaa nyuma akinywa kahawa kama mtu aliyepita kusalimia, na dereva wake Mkenya akakaa kiti cha mbele yake, amevikwa kama tajiri mgeni kutoka Afrika. Ishara ilikuwa tasbihi. Maadamu Hezekiah anazisikia punje za tasbihi zikigongana nyuma ya shingo yake, ainue kibao. Zikinyamaza, ashushe mkono na asiuinue tena.

Punje hazikunyamaza. Elfu themanini zikapita, elfu mia moja na hamsini zikapita, na mzee mmoja wa safu ya pili akamgeukia Hezekiah na kumtazama kwa heshima ambayo hajawahi kutazamwa nayo tangu afike nchi ile. Mshahara wake ulikuwa riyali elfu moja na mia tano kwa mwezi. Zamani alikuwa akiulinganisha na vitu alivyotumwa kununua, kisha akaacha, maana hesabu za namna hiyo humnyima mtu usingizi na hazimwongezei chochote. Mzigo ulimwangukia kwa riyali laki mbili na elfu kumi na mbili. Watu walimpigia makofi, naye akaona aibu.

Kilichonunuliwa ni kilo tatu na nusu za vipande vya mti mweusi. Vilikuwa mali ya mfanyabiashara mmoja marehemu, na vilikuwa vimelala ghalani kwake miaka arobaini. Udi wa namna hiyo hauchomwi siku ya kununuliwa. Unalazwa tena, gizani, kwenye ubaridi, ukomae zaidi. Bwana Yassir alikusudia kuulaza miaka mingine ishirini, mpaka arusi ya binti yake mdogo, ambaye mwaka ule wa 2016 alikuwa na miaka minne na bado ananyonya kidole gumba.

Nje, kwenye maegesho, bosi alikuwa na furaha isiyo na kifani. Alipokea kanzu yake, akaikagua kwapani, akaitupa kiti cha nyuma.

"Wewe una mkono wa bahati," alisema. "Shawwal, Idi ikishapita, wewe na mke wako nendeni kwenu. Wote wawili, siku arobaini na tano. Nimeshamwambia mtu wa makaratasi."

Hezekiah alishukuru mara tatu. Yeye na mkewe Selipher walikuwa wameajiriwa pamoja katika nyumba ya Bwana Yassir kule Riyadh, yeye dereva, mkewe msaidizi wa nyumbani. Walikuwa wamemwacha mtoto wao Valentine kwa mama yake Hezekiah, ambaye mtoto alimwita kukhu, huko Butere, akiwa na miezi tisa. Sasa alikuwa anakaribia miaka mitano. Livu ya kwanza ilifika, lakini madam, mke wa bosi, alikuwa mjamzito, ikaahirishwa. Halafu mimba ikaharibika, na nani angekuwa na uso wa kuuliza habari za livu.

"Jambo moja," bosi alisema kabla hajaenda uwanja wa ndege. "Joto ni adui wa udi. Usizime kiyoyozi hata ukisimama kujaza mafuta. Umesikia?"

Hezekiah alisikia. Aliliendesha gari kilomita mia tisa na zaidi, sanduku likiwa limefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma kama mgonjwa. Kwenye kituo cha mafuta alinunua kadi ya simu, akapiga nyumbani huku injini inanguruma.

"Baba, leo umebeba nani?" Valentine aliuliza. Hilo lilikuwa swali lake la kila jioni.

"Leo nimebeba mti."

"Mti umekaa kwa kiti?"

"Umekaa kwa kiti, na umefungwa mkanda. Umekula nini?"

"Ugali na mayai. Mti unakula?"

Waliongea mpaka kadi ikaisha. Ndivyo walivyozoeana, baba na mtoto, kwa dakika kumi kumi za jioni, nje ya maduka ya Al-Suwaidi na nje ya shule za watoto wa watu. Selipher hakuwa na bahati hiyo. Simu yake ilikaa kwa madam tangu asubuhi, na alipoipata kazi zikiisha, Valentine alikuwa amelala zamani.

Alipofika usiku kwa bosi, mtaa wa Al-Malqa kule Riyadh, Hezekiah alimkuta mkewe jikoni akimenya vitunguu. Alibeba sanduku mpaka chumba cha chini ya ardhi ambamo bosi alilaza udi wake, akapanda tena, akamnong'oneza.

"Hiyo kitu iko huko chini ndiyo livu yetu. Ichunge kama mboni ya jicho."

"Amekubali?"

"Wote wawili. Shawwal."

Selipher aliweka kisu chini, akajifuta macho kwa kiwiko, akasema ni vitunguu. Kuhusu joto Hezekiah hakumwambia kitu. Hakuwa ameficha. Alikuwa amechoka, ana njaa, na neno lile lilimtoka tu akilini.

*

Wiki iliyofuata familia ilikwenda umra. Hezekiah aliwaendesha mpaka Jedda tu, kwa kuwa si Mwislamu na Makka haingii, akasubiri siku tatu kwenye chumba cha madereva kule Al-Hamra. Selipher aliachwa Riyadh peke yake. Mlango wa mbele ulifungwa kwa nje. Madam hakuwa na nia mbaya katika hilo. Ndivyo alivyofungiwa msaidizi aliyemtangulia, na ndivyo walivyofanya majirani. Simu ya Selipher ilikuwa kwenye mkoba wa madam, na mkoba ulikuwa Makka.

Miongoni mwa kazi alizoachiwa, aliagizwa autoe ule udi kwenye sanduku la mnada na kuupanga kwenye mitungi ya kioo. Aliwasha taa, akafungua kifuniko, akainua kipande cha kwanza. Chini ya kipande kulikuwa na unga. Unga mwembamba, wa rangi ya kahawa. Akageuza kipande kwenye mwanga, akaona vitundu, vidogo, vimepangana, kama vya sindano.

Selipher aliijua alama hiyo vizuri kuliko alivyoyajua maandiko. Mwaka alioolewa, fukusi walimaliza magunia matatu ya mahindi kwa mama mkwe wake Eucabeth, na nyumba nzima ikala mihogo mpaka Aprili. Tangu hapo Eucabeth alimfundisha: ukiona unga unadondoka, usingoje kesho, toa nje, anika, geuza, anika tena. Jua kali huwafukuza.

Alikaa kwenye ngazi akafikiri. Angeuliza nani? Hakuwa na simu, hakuwa na mlango. Udi ulikuwa unaliwa mbele ya macho yake, na pamoja nao livu, na pamoja na livu mtoto. Kumbe vitundu vile vilikuwa humo tangu mti ukiwa hai msituni, na ndivyo vilivyoufanya uitwe udi. Wanunuzi huvitafuta kwa miwani. Lakini hilo nani angemwambia mwanamke wa Butere aliyefungiwa ndani ya nyumba?

Akatandika shuka safi juu ya paa bapa la nyumba, mahali anapoanika nguo, akavipanga vipande kimoja kimoja visigusane. Saa sita alivigeuza. Jioni aliviingiza. Siku ya pili akafanya hivyo tena, na siku ya tatu. Jua la Riyadh katikati ya Mei si la mchezo, ngazi za chuma zilimuunguza viganja. Lakini paa lilinukia ajabu, harufu nzito tamu iliyovuka ukuta, na Selipher aliivuta kifuani akafurahi, akidhani ni ugonjwa unaotoka.

"Dada, mnachoma nini huko?" aliita Laban, askari wa mlango wa nyumba ya jirani, Mkenya pia, kutoka chini ya ukuta.

"Hakuna kitu tunachoma. Nasafisha."

"Basi endelea kusafisha. Mimi hapa nimekuwa sultani."

*

Selipher alimweleza mumewe usiku ule familia iliporudi, katika chumba chao kidogo kando ya lango. Alimweleza kama mtu anayesubiri kupongezwa.

"Ile mbao yao ilikuwa imeingia fukusi. Nimewaanikia siku tatu. Sasa imekauka hata ukiigonga inalia."

Hezekiah alikuwa anavua viatu. Akabaki ameshika kimoja mkononi.

"Umeianika wapi?"

"Juu. Si ndiko kuna jua."

"Selipher."

"Nini?"

"Hiyo kitu haitaki jua. Bosi aliniambia. Aliniambia hata nisizime AC."

Selipher alikaa kitandani.

"Alikuambia lini?"

"Siku ile Jedda."

"Na wewe ukaniambia lini?"

Hezekiah aliweka kiatu sakafuni. Selipher hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali, Hezekiah aliwaza. Alijilaza tu akageukia ukutani, na baadaye sana akasema, "Nilidhani namfanyia mtoto."

Asubuhi Hezekiah alitoka kuosha gari, akamkuta Laban kwenye kiti chake cha plastiki, akamweleza. Laban alisikiliza huku anakuna ndevu. Alikuwa amefanya kazi ya uhudumu katika hoteli moja kubwa Nairobi kabla ya kuja, na hakuna jambo chini ya jua ambalo hoteli ile haikuwa na mfano wake.

"Hiyo ni kama wine za wazungu," alisema. "Kuna mmoja alikuwa ananunua chupa kwa mnada huko ng'ambo, anatuwekea tumlazie chini, miaka kumi, miaka kumi na tano. Red, hizo za bei. Siku moja fridge ikazima Ijumaa mpaka Jumatatu. Ukiangalia chupa, iko sawa. Ukifungua, siki."

"Na nyinyi mlifanya aje?"

"Manager alisema tunyamaze. Chupa haiongei. Mpaka afungue, utakuwa umeenda. Wewe pia nyamaza. Shawwal iko karibu. Yalla, panda ndege, mengine utayasikia ukiwa kwenu."

Wakanyamaza. Ilikuwa rahisi kusema kuliko kufanya. Selipher alivipanga vipande kwenye mitungi, akafunga vifuniko, na kila bosi aliposhuka chini alisimama jikoni bila kushika kitu. Hezekiah alianza kuona mhuri wa makaratasi ndotoni. Siku kumi zilipita hivyo, na mtu wa makaratasi akaleta habari kwamba ruhusa zote mbili zimetiwa sahihi.

Siku ya kumi na moja, baada ya alasiri, Bwana Yassir aliwaalika marafiki wanne na mzee mmoja wa Kihindi, mfanyabiashara wa udi ambaye pua yake iliaminiwa mji mzima. Alitaka tu wauone. Lakini rafiki mmoja akatania kwamba udi usionuswa ni kuni, na bosi, aliyekuwa na majivuno kidogo kama watu wote, akaagiza chetezo.

Hezekiah ndiye aliyeleta makaa. Aliona mzee akikata ubapa mwembamba, akiuweka juu ya jivu, akiinama. Ubapa ukatoa mlio mdogo. Mzee akavuta pumzi, akangoja, akavuta tena. Kisha akachukua kipande kizima, akakipima kiganjani, akakipitishia ukucha.

"Umeununua hivi?" aliuliza.

"Vipi?"

"Bado unanukia. Lakini ni udi wa sokoni huu. Mafuta yamekwenda. Huu umelala juani."

Marafiki walikuwa na adabu. Mmoja alikumbuka kwamba ana miadi, mwingine akamsindikiza. Yule aliyetania alisema biashara ni bahati, na neno hilo lilimuuma Bwana Yassir kuliko hasara yenyewe. Mzee akabaki peke yake, akimalizia kahawa yake.

*

Waliitwa wote wawili, maana Selipher ndiye aliyeachwa peke yake na udi. Selipher alisimama karibu na mlango, aproni bado kiunoni, kwa sababu hakuambiwa aivue na hakuambiwa asiivue. Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni: leta, osha, haraka, hakuna. Bosi alizungumza na Hezekiah, na Hezekiah akawa mkalimani wa kesi ya mkewe.

"Mwulize, nani alimwambia atoe udi nje?"

"Anauliza nani alikuambia uutoe."

"Mwambie hakuna mtu," Selipher alisema. "Mwambie niliona fukusi. Mwambie kwetu tukiona unga tunaanika. Na mwambie simu yangu ilikuwa kwa madam, ningeuliza wapi? Mwambie nimekosa, lakini sikufanya kwa ubaya."

Yalikuwa maneno mengi, na bosi alingoja. Hezekiah alikuwa na muda wa pumzi moja. Alijua nyumba ile haiwezi kusamehe hivi hivi, wala haiwezi kuwaadhibu wote wawili, maana nani atafanya kazi. Mmoja atalipa. Akafikiri mtoto anamhitaji mama zaidi. Watu wote husema hivyo, naye hakuwa na sababu ya kubisha.

"Anasema nilimwambia mimi," alisema kwa Kiarabu. "Nilimwambia auanike."

Bwana Yassir alimnyooshea kidole.

"Wewe. Si nilikuambia kwa mdomo wangu, joto ni adui?"

"Uliniambia, bosi. Nilisahau." Hilo angalau lilikuwa kweli, na alilisema akiangalia zulia.

"Mwambie mke wako, mume wake ni punda. Mwambie, nataka nisikie."

Hezekiah alimgeukia mkewe. "Anasema anajua hukufanya kwa ubaya," alisema.

Lakini Selipher alikuwa amelisikia neno punda. Alilijua, madam alilitumia mara kwa mara, na kila mara lilikuwa lake. Akainamisha kichwa akalipokea. Hezekiah aliona jinsi alivyolipokea, akashindwa kumwambia kwamba safari hii halikuwa lake.

"Mshahara sikati," bosi alisema. Hasira ilikuwa imemwisha, alionekana mzee. "Nikate nini? Hata nikikukata mpaka kaburini hutafika. Na ungefika, miaka arobaini utaitoa wapi? Nilikuwa namwekea mtoto." Akapangusa uso. "Mke wako hana kosa. Nimeshatia sahihi, aende akamwone mwanawe. Ruhusa yako halas, imefutwa. Utakaa. Miaka miwili, kisha tutaona."

Mzee wa Kihindi aliweka kikombe chini taratibu. Inawezekana alielewa jambo, kwa sababu alimtazama Hezekiah, kisha Selipher, kisha akaomba aitiwe gari.

"Amesema nini?" Selipher aliuliza walipokuwa uani.

"Amesema uende."

"Na wewe?"

"Mimi nibaki. Ati gari halina dereva mwingine."

"Amenisamehe?"

"Amekusamehe."

Selipher alisimama. Alionekana kama mtu aliyebebeshwa mzigo na kutuliwa kwa wakati mmoja.

"Sasa kwa nini wewe ndiye unabaki, na mimi ndiye nilikosa?"

"Nimekuambia, ni mambo ya gari."

*

Ramadhani ilipita, Idi ikapita. Katika majuma hayo Selipher alianza kumchukia mumewe kidogo kidogo, na Hezekiah alimwacha. Kumweleza ukweli kungemfanya asipande ndege. Alimjua, angekwenda moja kwa moja kwa madam na kusema kwa vidole na kwa machozi mpaka aeleweke. Kwa hiyo Selipher alipouliza kama ameomba kweli, yeye alisema ameomba. Alipouliza kama ameomba kwa nguvu, alisema bosi ana shughuli.

"Wenzako wakinyimwa livu wanaenda ubalozini," Selipher alimwambia ndani ya gari, njiani kwenda uwanja wa ndege. Alikuwa kiti cha nyuma. Madam alikuwa kando yake, amekuja kumkabidhi pasipoti yake mwenyewe. "Wewe unakaa tu. Unapenda hii gari kuliko mtoto."

"Si hivyo."

"Ni vipi basi?"

Madam aliuliza msichana anasema nini. Hezekiah alijibu kwamba anaogopa ndege. Madam akacheka kwa upole, akatoa riyali mia mbili kwenye mkoba, akampa Selipher amnunulie mtoto zawadi. Selipher alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Zilikuwa pesa nzuri, na zilimchoma viganja.

Kwenye mlango wa kuondokea hawakukumbatiana, mbele ya watu wale haikuwezekana. Selipher alimpa mkono kama wanavyopeana mikono watu wa kazini.

"Nikuletee nini?"

"Mpige picha akiwa amelala," Hezekiah alisema. "Hizo za kusimama ninazo."

*

Siku ya tatu baada ya hapo alikuwa ameegesha nje ya duka la vitambaa Al-Suwaidi, madam yuko ndani na shemeji zake. Ilikuwa kama saa kumi na mbili. Alinunua kadi, akaikwangua, akapiga. Alikuwa ameisubiri simu hiyo tangu asubuhi kwa furaha ambayo hakuwa nayo tangu siku ya mnada. Alikuwa amejiambia kwamba mpango wake umefaulu walau nusu, na mtu wa hali yake akipata nusu ameshinda.

"Baba," Valentine alisema. Sauti ilikuwa ya chini, kama mtu anayejificha. "Leo umebeba nani?"

"Nimebeba madam. Kwa nini unanong'ona?"

"Niko nyuma ya jiko. Baba, kuna mgeni huku kwetu."

"Mgeni gani?"

"Mama mmoja. Amekuja na begi kubwa. Analala na mimi, kukhu amemwambia alale na mimi. Ananishikashika. Nikiamka ananiangalia."

Hezekiah alifungua dirisha, na joto la nje likaingia lote.

"Huyo si mgeni, Vale. Huyo ni mama yako."

"Kukhu pia anasema hivyo."

"Basi."

"Jana nilikataa anioshe. Akaenda akalia huko kwa choo. Kukhu akanichapa." Mtoto alivuta kamasi. "Mimi nilimwambia nangoja baba yangu. Wewe unakuja lini?"

"Bado kidogo."

"Kidogo ya kesho?"

"Si ya kesho."

Hezekiah alisikia kuku, na mbali kidogo sauti ya mwanamke ikiita jina la mtoto kwa utaratibu, mara moja, mara mbili, kama mtu anayeomba ruhusa ya kuita. Aliijua sauti ile. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya kesi alitamani kumwambia mtu ukweli wote, na aliyekuwepo kwenye simu alikuwa mtoto wa miaka minne na miezi kumi.

"Baba," Valentine akanong'ona. "Huyo mama, yeye anarudi kwao lini?"

Alikuwa amedanganya kwa lugha mbili, mbele ya bosi na mbele ya mkewe, na hakukwama hata mara moja. Sasa alitafuta uongo wa kumpa mtoto, akaukosa.

"Akimaliza siku arobaini na tano," alisema.

"Ni nyingi?"

Mlango wa duka ulifunguka, madam akatoka na mifuko, akamwashiria aje apokee.

"Hapana," Hezekiah alisema. "Si nyingi."